Re: Balbu ya volti 12 inakula wati 21,000?

Habari mkuu. Umepima balbu ya breki ya pikipiki, ukapata volti 12 na mkondo 1750, hesabu ikakupa wati 21,000. Hapo betri ingeshayeyuka! Kwanza angalia mita ilikuwa kwenye skeli gani. Hiyo 1750 ni miliampea. Gawa kwa 1000 upate ampea 1.75. Sasa nguvu: 12 × 1.75 = wati 21, linganisha na maandishi kwenye kitako cha balbu. Ukinzani, yaani jinsi balbu inavyozuia mkondo, ni volti kugawa kwa ampea: 12 ÷ 1.75, karibu omu 6.9.

Usishtuke ukiipima omu ikiwa imezimwa ukaona hata 1 haifiki. Mimi niliwahi kutupa balbu nzima nikidhani ina shoti, kumbe waya wake ukiwa baridi ukinzani huwa mdogo, ukiwaka unapanda.