Kwa nini wanaacha kazi mapema

Dada, umeuliza kwa nini wanawake walionusurika ukatili wa nyumbani, uliowaajiri kwenye karakana yako ya ushonaji, wanaacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Mara nyingi si uvivu hata kidogo. Mshahara wa mwisho wa mwezi unamkuta ameishiwa nauli zamani. Mwenye kesi mahakamani anakosa siku mbili, kisha anaona aibu kurudi. Kwa wiki 8 za mwanzo lipa kila wiki, anza na saa 4 kwa siku, na ruhusa ya mahakama au kliniki isikatwe mshahara. Pesa ziingie kwenye akaunti anayoishika mwenyewe. Yaliyompata usiyachimbe; muulize saa anazoweza, na ni mtu gani akija kumtafuta asiambiwe kwamba yupo hapo kazini.