Usiweke Sahihi Ijumaa

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Bamburi, hapa Mombasa. Ametengeneza mashine ya mkononi ya bahati nasibu, ya kuchezeshea dukani, na kampuni moja imempelekea mkataba wa kurasa 22. Wanataka leseni ya kipekee, yaani wao peke yao ndio waitumie kazi yake, miaka mitano, Afrika Mashariki nzima. Sahihi wanaitaka Ijumaa. "Kaka, wewe ushayapitia haya. Niweke?"

Usingizi uliniruka hadi adhana ya alfajiri. Hiyo Ijumaa naijua. Na mimi niliambiwa Ijumaa.

Ilikuwa 2016. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja Tudor, juu ya duka la vipuri. Mashine yetu ilikuwa na ukubwa wa kikokotoo cha karani: skrini ya mistari minne, vitufe vitatu, na kwa juu mdomo wa kutolea risiti. Mteja analipa shilingi 20, anachagua namba, karatasi inatoka. Usiku mwenye duka anaiunganisha na simu, mauzo yote yanapanda kwenye seva. Kazi ngumu ilikuwa kuhakikisha hakuna atakayeifungua akazichezea namba. Hiyo ilitumeza miezi kumi na moja, na tuliishinda. Hadi leo najivunia.

Mama hakuigusa pesa ya mashine hiyo hata shilingi. Alisema kamari ni kamari hata ikivaa koti. Sikubishana naye, na wanaonilaumu leo kwa maneno hayohayo sibishani nao. Ninachozungumzia hapa ni jasho la mtu na nani analila.

Kampuni ilikuja na karatasi ya makadirio: mashine 2,000 mwaka wa kwanza, kuanzia Likoni hadi Malindi. Tukapewa shilingi 150,000 za kuanzia na ahadi ya mrabaha, yaani fungu la mwenye kazi, wa asilimia 6 ya "mapato halisi". Tuliweka sahihi kwenye mkahawa mmoja Moi Avenue, kwa kalamu yao, mbele ya wakili wao. Wakili wetu tungemtoa wapi? Tuliona ni gharama.

Mrabaha wa kwanza ulikuwa shilingi 4,310. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikachukua asilimia 5 yake, zikabaki 4,094 na senti 50. Tuligawana wawili.

Kumbe "mapato halisi" hayakufafanuliwa popote kwenye mkataba ule. Wakatoa zawadi za washindi, sawa. Wakatoa kamisheni ya wenye maduka, sawa. Wakatoa na petroli, mabango, mpaka mshahara wa meneja. Januari 2018 kodi ya michezo ya kubahatisha ikapandishwa hadi asilimia 35, nayo ikaingia kwenye makato. Baadaye serikali ikaishusha hadi 15; kwenye ripoti zetu ikabaki 35. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mkataba haunipi haki ya kukagua vitabu. Nikaenda kuusoma, mara hii neno kwa neno. Kweli haukunipa.

Zile mashine 2,000 hazikupita 140. Zilizobaki hawakuzitengeneza, wala hawakutuachia. Mfanyabiashara wa Tanga alikuja hadi Tudor akitaka mashine 300, tukamrudisha mikono mitupu kwa sababu leseni ilikuwa ya kipekee na haikuwalazimisha wenye nayo kuuza hata moja. Mwenzangu alikwenda Doha kufanya kazi ya stoo. Sikukuu tunatumiana salamu, basi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Bamburi, na wengine mnaojenga vitu kama hivi: dai kiwango cha chini cha malipo ya kila mwaka, kiandikwe kwa tarakimu, wauze wasiuze. Wasipolipa, upekee unaanguka na wewe uko huru. Makadirio yasikulevye. Mwaka 2012 jimbo la Minnesota huko Marekani liliruhusu michezo ya kubahatisha ya vifaa vya mkononi kwenye baa, kodi yake isaidie kujenga uwanja wa Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani. Makadirio yalitoka serikalini, na bado pesa zilizoingia mwanzoni zilikuwa chache mno kuliko zilizotarajiwa. Sembuse karatasi ya meneja mauzo?

Usichanganye leseni mbili. Wewe unawapa ruhusa ya kutumia kazi yako. Ruhusa ya kuchezesha umma hutoka serikalini. Wakati wetu ilitolewa na ile bodi ya michezo ya kubahatisha, ya sheria ya 1966. Sheria ya 2025 imeifuta na kuleta mamlaka mpya. Mkataba useme nani ataomba kibali, kwa gharama ya nani, na kikikosekana kwa miezi kadhaa mashine inarudi kwako. Wetu ulinyamaza kimya.

Na programu ni yako. Hakimiliki inailinda kama kazi ya maandishi, na kuihamisha lazima kuwe kwa maandishi, kwa hiyo litafute neno "kuhamisha" kila ukurasa. Liko mara nyingi kwenye kifungu cha maboresho: kwamba kila watakachokirekebisha juu ya kazi yako ni chao. Huko ndiko tulikopoteza kichapishi chetu.

Dai ukaguzi wa vitabu. Nasema tena, dai ukaguzi wa vitabu, na ufafanuzi wa kila kinachokatwa. Anayekuharakisha amehesabu kwamba hutasoma. Tafuta wakili wako, hata kama itabidi uuze simu.

Mkataba wangu wa pili, niliousaini mwezi uliopita, wakili wa Kizingo aliupitia kwa penseli siku nne. Ukurasa wa ufafanuzi pekee ulirudi na alama kumi na tisa. Kampuni ilinung'unika, kisha ikakubali kumi na sita.

Kijana, waambie Ijumaa huwezi. Alhamisi saa nane niko Ganjoni. Njoo na huo ukurasa wa ufafanuzi tuusome pamoja.