Programu ya Simu kwa Mwanajeshi Mstaafu

Swali: Mume wangu, mwanajeshi mstaafu, hushtuka usingizini na husahau dawa zake. Je, programu za simu zitamsaidia? – Mama J., Moshi

Jibu: Zitamsaidia, mama, lakini hazichukui nafasi ya daktari. PTSD Coach, programu ya wenye PTSD (msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, kama vita), iliyotolewa mwaka 2011 na Wizara ya Wastaafu wa Jeshi ya Marekani, ni ya bure, nayo ina mazoezi ya kupumua na dodoso la dalili ambalo majibu yake ni vyema ayapeleke kliniki. Ila namba za dharura zilizomo ni za Marekani. Mazoezi hayo ayafanye mchana akiwa ametulia, ili akishtuka usiku mwili uwe umeshayazoea. Kwa dawa, kengele ya simu inatosha. Akitaja kujiua, tafadhali mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.