Mtoto Amepangiwa Wanamaji, Fani Bado: Niliyojifunza Kama Mzazi

Mimi ni karani wa ghala katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Mtwara, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhakikisha kwamba kila gunia linaloingia limepimwa, limepewa daraja na kuandikwa kabla korosho hazijapelekwa mnadani. Huenda ndiyo sababu mwanangu wa pili aliponipigia simu kunieleza kwamba amepangiwa Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), swali langu la kwanza baada ya kuitikia shikamoo yake lilikuwa, "Fani gani?" Akanijibu kwa sauti ya mtu mwenye furaha, "Fani bado, baba. Kwa sasa tunafanya kazi za meli tu." Nami, badala ya kumpongeza, nikasema maneno ambayo hadi leo ninayajutia: "Kwa hiyo umekwenda kupiga deki?" Simu ikanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba salio linakaribia kwisha. Salio lilikuwa halijaisha, nilimjua mwanangu.

Ninaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wa huku Kusini ambao watoto wao wamepita njia ile ile aliyopita wangu, yaani kidato cha nne, kisha kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT (yeye alikuwa Nachingwea), kisha kuandikishwa JWTZ na kupelekwa Kihangaiko, Msata, kwa mafunzo ya awali. Katika miezi ya ukuruta kijana hana simu, na mzazi hukaa nyumbani akijijazia mwenyewe picha za mambo yatakavyokuwa. Mimi nilikwisha kumfanya mwanangu fundi wa mitambo kabla hata hajamaliza kwata. Nilisahau kwamba kuandikishwa jeshini ni jambo moja, kupangiwa kamandi ni jambo la pili, na kupata fani ni la tatu, na kwamba hakuna kanuni inayosema matatu hayo lazima yaje kwa siku moja. Wanaoingia tayari wakiwa madaktari, wahandisi au mafundi wenye vyeti hujulikana tangu mwanzo watakakotumika, lakini kijana wa miaka 20 mwenye cheti cha kidato cha nne pekee huingia kama alivyo, na jeshi humtazama kwanza kabla ya kuamua.

Wala hili si jambo la nchi yetu peke yake. Hata Marekani, ambako kijana anaweza kuahidiwa fani yake kabla hajavaa sare, wapo wanaoingia jeshi la wanamaji bila fani maalumu, wakawekwa katika kundi la sitaha, la mitambo au la ndege, wakafanya kazi za kundi hilo, na baadaye wakaomba fani. Laiti ningalijua hilo mapema, lisingalinipata lililonipata.

Lililonipata ni hili. Wiki mbili baada ya ile simu alinifuata mtu mmoja, mtanashati, mwenye maneno laini, akaniambia kwamba amesikia kijana wangu "yuko hewani", yaani hana fani, na kwamba yeye anaye jamaa yake makao makuu ambaye anaweza kumwingiza katika kozi ya mitambo kwa shilingi milioni moja na nusu, nusu kabla na nusu baada. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha na malipo yalikuwa yamekwisha kuingia benki, na nadhani mtu huyo alijua hivyo kuliko alivyojua habari za jeshi. Nilikubali moyoni. Nilikwenda hadi benki, nikasimama kwenye foleni, na ninakiri kwamba lililonizuia halikuwa busara yangu bali mke wangu, ambaye alikuwa amempigia simu kaka yake na kumtaka aje nyumbani kabla sijatoa hata senti moja.

Kwetu sisi Wamakonde mjomba si mgeni wa sikukuu. Katika mambo ya mtoto ana neno, na pengine neno lake ni zito kuliko la baba. Shemeji yangu huyu ni mvuvi wa Msanga Mkuu, hakusoma zaidi ya darasa la saba, na hajawahi kupanda meli ya jeshi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona chombo ambacho mtu anaingia mara ya kwanza akiwa nahodha. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe, alipopokelewa chomboni akiwa kijana, msimu mzima alikumba maji ngamani, chini kabisa ya chombo, na kusuuza nyavu, na kwamba nahodha wake alikuwa akiwatazama vijana wote bila kusema neno: nani anatapika bahari ikichafuka lakini anarudi kazini, nani anachungulia mashine bila kuitwa, nani anaogopa kupiga mbizi kutazama nanga iliyonasa. Baada ya msimu kila mmoja akawa na mahali pake, na hakuna aliyenunua mahali hapo. "Shemeji," akasema, "wewe unataka kumnunulia mtoto kitu ambacho kinatolewa bure kwa anayesubiri."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, nao ninaupa uzito kuliko mwingine wote, ni kwamba mzazi asitoe fedha kwa mtu yeyote anayedai kuuza nafasi, iwe ya kuandikishwa au ya fani. JWTZ limekwisha kutangaza mara nyingi kwamba kujiunga hakulipiwi na kuwaonya wananchi dhidi ya matapeli. Zaidi ya fedha zako kupotea, jina la mwanao ndilo litakalotajwa siku mambo yatakapoharibika, na askari mpya ambaye jina lake limeingia katika habari za rushwa hana wa kumtetea. Yule mtanashati, nilipomwambia kwamba ningependa kwanza kuzungumza na mwanangu, hakuonekana tena mtaani.

La pili ni namna ya kuzungumza naye. Nilimwomba radhi mwanangu, jambo ambalo si jepesi kwa baba wa rika langu, kisha nikaacha kumwuliza habari za fani na nikaanza kumwuliza habari za kazi. Tofauti yake ni kubwa. Ukimwuliza "umeshapangiwa?" jibu ni hapana, na kila hapana anayotamka inamwongezea aibu ambayo hakuistahili, lakini ukimwuliza leo ameshika kifaa gani, na nani amemfundisha kukitumia, atazungumza hadi salio liishe kweli. Kwa njia hiyo nilikuja kujua kwamba kukwangua kutu si adhabu, kwa sababu maji ya chumvi yanakula chuma usiku na mchana, na mahali pasipokwanguliwa vizuri rangi mpya hubanduka baada ya muda mfupi huku kutu ikiendelea kula chini yake. Nilijua pia kwamba anapenda zaidi kazi za chini, kwenye pampu, kuliko zile za juu kwenye kamba. Hilo hakuwa amelijua yeye mwenyewe mpaka alipolisema. Mjomba wake alipoambiwa kwamba kijana anashinda kwenye pampu za kutoa maji ngamani alicheka hadi akakaa chini.

Uliza kazi, lakini usiulize safari. Meli inakwenda wapi, inarudi lini, kuna watu wangapi, hayo si ya mzazi, na picha ya kambi au ya meli usiiweke mtandaoni hata kama imekufurahisha vipi. Picha ya sare aliyopiga kwa mpiga picha inatosha kuning'inia sebuleni.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi kwa sababu ni jambo linalojulikana: ndugu wakisikia mtoto ni mwanajeshi hudhani amefungua duka. Mama yake na mimi tuliamua kwamba maombi yote yapitie kwetu, na mengi yakaishia hapo hapo.

Kutembelea nako kuna adabu yake. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na safari yetu ya kwanza, tuliyoipanga Mei 2024, haikufika popote kwa sababu ndiyo siku ambazo mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa. Tulipofanikiwa baadaye tulimjulisha mapema ili aombe ruhusa, tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, tukakutana naye nje ya kambi kwa saa chache. Mama yake alimletea korosho zilizobanguliwa kilo mbili, na kijana akatuambia kwamba amebakiwa na konzi moja kabla hata hatujapanda basi la kurudi.

Jambo la mwisho ninalolijua kwa hakika ni nyaraka. Wakati mtoto anasubiri, mzazi anaweza kuhakikisha kwamba cheti cha kuzaliwa na cha shule viko salama, majina yanafanana herufi kwa herufi, na nakala zimethibitishwa. Mwanangu jina lake la kati lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, na kulirekebisha kulituchukua miezi mitatu ya kwenda na kurudi. Kazi hiyo ilikwisha wiki moja tu kabla kikosini kwake hawajatangaza nafasi za kozi ya mafundi wa mitambo. Alijaza fomu, nasi tukamtumia vyeti kwa basi la alfajiri. Majibu bado hayajatoka, na jana aliponipigia tulizungumza karibu nusu saa kuhusu namna ya kubadilisha vali ya pampu bila kusimamisha nyingine.