Chuma na mpini vina baridi ileile

Ukishika jembe alfajiri utadhani chuma chake ni baridi kuliko mpini. Hapana ndugu, chuma cha jembe lililolala stoo usiku kucha huko Makete, kwenye nyanda za juu zenye baridi, hakipoi kuliko mpini wake. Ukipima chuma na mti kwa kipimajoto alfajiri, utapata nyuzi zilezile. Kinachotudanganya ni kwamba neva za ngozi hazipimi joto la kitu tulichokishika bali joto la ngozi yenyewe, na kwa kuwa chuma hunyonya joto la kiganja haraka mno kuliko mbao, ngozi hupoa ghafla na ubongo huichukulia kasi hiyo kuwa ndiyo baridi ya jembe. Hili si la kubahatisha: wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso, yaani vihisio vilivyo kwenye neva, na kile cha baridi huamshwa hata na mentoli, kemikali iliyomo kwenye minti, ndiyo maana pipi ya minti huleta hisia ya baridi kinywani ingawa joto lake halijashuka. Mchana mambo hugeuka, kwani jembe lililoanikwa juani likishapita joto la ngozi, takriban nyuzi 33, chuma ndicho utakachokihisi kuwa cha moto kuliko mpini.