Mwanangu, Nimeshinda au Nimeshindwa?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yamekusogezea haki, au yamekuweka mbali nayo? Mimi nina steshenari Temeke, Dar es Salaam, hatua chache kutoka mahakamani. Natoa kopi, nachapa barua, naprinti fomu za mirathi, na kwa kuwa nipo hapo njiani, watu wakitoka ndani hunipa karatasi zao niwasomee. Nitajibu kwa yale ninayoyaona hapa mezani. Marekebisho yaliyowagusa watu wangu kuliko yote ni yale ya mwaka 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yamesogeza haki, tena sana. Ila yameachwa njiani, na ndiyo maana nimeamua kuwaandikia.

Mwaka 2019 alikuja mama mmoja wa Mbagala. Alifungua pindo la khanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi kumi na moja zilizokunjwa mara nne. Hukumu ya baraza la ardhi, kesi ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee. Nimeshinda au nimeshindwa?" Yeye alikuwa na tumaini kwa sababu jina lake lilitajwa mara nyingi, alikuwa amelihesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameshindwa. Nikatazama na tarehe, nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku hamsini na mbili zimepita. Kukata rufaa kutoka baraza la ardhi la wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45.

Nataka msomaji alione hili vizuri. Mama huyu alihudhuria kesi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alitoa ushahidi kwa Kiswahili, akaulizwa maswali kwa Kiswahili, mashahidi wa upande wa pili wakasema Kiswahili, na mwenyekiti naye alikuwa akiongea Kiswahili kile kile. Halafu akapewa karatasi ya Kiingereza. Wala mwenyekiti hakuwa amekosea. Sheria ya mabaraza ya ardhi ndivyo ilivyokuwa ikitaka wakati ule: mnaweza kuendesha shauri kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Nilimchapia maombi ya kuongezewa muda. Yakakataliwa. Kiwanja kile sasa kina fremu za maduka.

Kwa hiyo Februari 2021 niliposikia Bunge limepitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ikaigusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kusema lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vyote vya kutoa haki itakuwa Kiswahili, nilimkumbuka yeye. Siku chache kabla, tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria, hayati Rais Magufuli alikuwa amemsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Wapo waliosema Kiswahili hakina maneno ya sheria. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili miaka yote, zinagawa mirathi, zinaamua talaka na madeni, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani bila uamuzi eti maneno yamekwisha.

Matunda nimeyaona kwa macho yangu. Mzee mmoja wa Yombo alikuja kutoa kopi ya hukumu yake, nikamwona amesimama pembeni ya mashine anaisoma mwenyewe. Miwani imeshuka puani, kidole kinafuata mstari. Alikuwa amedaiwa eneo la uchochoro na jirani yake. Akafika mahali palipoandikwa kwamba mdaiwa hakuleta hati ya mauziano wala shahidi yeyote aliyekuwepo siku ya kununua. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kweli. Sikuleta." Akakunja karatasi, akalipa kopi zake, akaondoka. Hakukata rufaa, hakukopa pesa ya wakili, na sijasikia amegombana na jirani. Alishindwa, lakini alijua kwa nini ameshindwa, na sababu aliikuta kwa lugha aliyozaliwa nayo. Nimefanya kazi hapa muda mrefu, na naamini watu wengi wanaobeba kinyongo cha kesi maisha yao yote hawana ugomvi na uamuzi wenyewe. Hawakuelewa kilichoamuliwa, basi wakajaza pengo kwa dhana: hakimu kala hela, mwenzangu ana ndugu ndani.

Sasa niseme palipobaki.

Kwanza, Kiingereza hakijaondoka. Sheria ile iliacha mlango kwa pale haki inapohitaji Kiingereza kitumike, na kanuni za mwaka 2022 zikaeleza mazingira yake. Naelewa sababu, sheria nyingi bado zimeandikwa kwa Kiingereza, na mashauri mengine yana wageni. Lakini mezani kwangu karatasi za Kiingereza zinaendelea kuja, na zinakuja mikononi mwa mama ntilie na mafundi ujenzi wa Tandika.

Pili, kuna Kiswahili na Kiswahili. Chukueni maneno mawili ya Kiingereza yanayokata maisha ya watu: "dismissed" na "struck out". La kwanza maana yake shauri limesikilizwa na kukataliwa, au limefungwa kabisa. La pili maana yake limeondolewa kwa kasoro, labda hati ilikosewa au kiapo hakikukaa sawa, na mara nyingi unaweza kurekebisha na kulileta tena, mradi muda haujakupita. Mtaani yote mawili tunasema "kesi imefutwa", na nimeona hata karatasi zenyewe zikiandika "imefutwa" bila kueleza ni ipi kati ya hizo mbili. Kijana mmoja fundi wa magari alikaa nyumbani zaidi ya mwaka akiamini madai yake yameisha. Nilipoisoma karatasi yake, shauri lilikuwa limeondolewa tu kwa sababu lilipelekwa mahakama isiyo na mamlaka nalo. Hakuna aliyemwambia "rudi". Watu wa sheria wanatakiwa wakae na watu wa lugha wakubaliane: hili ni kutupwa, lile ni kuondoshwa, na kila hakimu atumie hivyo hivyo. Vivyo hivyo mrufani, yaani aliyekata rufaa, na mrufaniwa, yaani aliyekatiwa. Herufi chache tu zinawatofautisha, na mtu anasoma ukurasa mzima akijidhani yeye ni mwingine.

Tatu, sheria inabadilika na mwenye haja haambiwi. Mwaka huo huo wa 2021 mabaraza ya ardhi ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro. Zamani yaliamua ya thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Sasa kazi yao ni kusuluhisha tu, ndani ya siku 30, wakishindwa mtu anakwenda baraza la wilaya. Miaka mingapi imepita? Lakini bado napokea watu wenye muhuri wa kata wanaosema, "Mimi nimeshashinda." Nimewahi kumweleza mzee mmoja kwamba alichonacho ni karatasi ya usuluhishi, akanikasirikia mimi kana kwamba ndiye niliyetunga sheria. Simlaumu. Serikali ya mtaa wake ilitakiwa ibandike tangazo mlangoni. Hata mimi, tangu Toleo la Urekebu la sheria zetu, yaani sheria zilizopangwa na kuchapishwa upya, lilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, nimelazimika kupitia upya kila nyaraka niliyoihifadhi kwenye kompyuta, maana vifungu vingi vimebadilika namba.

Siwezi kumaliza bila kutaja marekebisho yaliyorudi nyuma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba, kwa kuwa vinaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi huku mvulana akisubiri 18, na kwa kibali cha mahakama hata mwenye miaka 14 anaweza kufunga ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka ule ukapita bila marekebisho. Kilichorekebishwa haraka, Juni 2020, ni sheria ya kutetea haki za msingi mahakamani: sasa anayefungua shauri la namna hiyo lazima aeleze kwa kiapo jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Fikirieni binti wa miaka 14 aliyeko kwa mumewe, aandike kiapo, apande daladala, aje Mahakama Kuu. Ni lazima mtu mwingine aweze kusimama kwa niaba yake, na mlango huo umebanwa. Hili linaniuma kama raia na kama mzazi wa wasichana wawili.

Nirudi kwenye lugha, maana ndiko ninakoweza kusema kwa uhakika. Ninachokiomba si kikubwa. Iwe hukumu imeandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kila mtu atoke na ukurasa mmoja wa mbele, kwa Kiswahili cha kawaida: nani ameshinda, kwa sababu gani, ameamriwa nini, na kama hakuridhika aende wapi na kabla ya tarehe ipi. Tarehe yenyewe iandikwe, kwa tarakimu, mtu asiachiwe kuhesabu. Wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, wakae pale pale karani anapotolea nakala, si ofisi ambayo mtu hadi aelekezwe.

Mimi nimeanza na nilicho nacho. Ukutani, juu ya mashine ya kopi, nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa: "Umepewa hukumu? Tazama tarehe kwanza. Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya, siku 30. Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45." Watu wanaipiga picha kwa simu.

Yule mama wa Mbagala bado anakuja. Hana kesi tena, huja akimsindikiza jirani au shemeji mwenye shauri. Wakifika hakai kwenye benchi. Huichukua karatasi mkononi mwa mwenzake, hunipa mimi, na husimama pale mlangoni hadi nimtajie tarehe.