Usitie Sahihi Kwanza: Barua Zenu Kuhusu Ajali za Kazini

*Shikamoo mzee. Mume wangu ni kibarua kwenye godauni moja Shimanzi, kazi yake kupakia na kupakua magunia. Analipwa shilingi 900 kwa siku na huenda kila siku isipokuwa Jumapili. Mwezi wa pili mwaka huu mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya uma za forklifti na paleti. Mnyapara akamkimbiza zahanati ya binafsi, na huko akamwambia nesi kwamba mgonjwa amebanwa na geti la nyumbani. Mume wangu alikuwa na maumivu, hakusema neno. Akafungwa bendeji, mnyapara akalipa. Siku chache baadaye kidonda kikaoza, tukaenda wenyewe hospitali ya Makadara, kidole cha shahada kikakatwa na cha kati hakikunjiki tena. Alikaa nyumbani miezi mitatu bila senti. Sasa ameitwa ofisini akaambiwa kibarua hana fidia, tena kosa ni lake kwa kuwa siku ile hakuvaa glavu. Wanasema kwa huruma tu watampa shilingi 20,000, ila kwanza atie sahihi karatasi ya kusema hana madai tena. Kodi imetukaba. Atie sahihi?*
Mama watoto, Mikindani

Marahaba binti yangu, na mfikishie mumeo pole zangu. Asitie sahihi. Na kama ameshatia kabla ya gazeti hili kukufikia, usilie: sheria inasema makubaliano yoyote ya mfanyakazi kuacha haki yake ya fidia ni batili. Karatasi hiyo haiwezi kumfungia mlango, ila itawapotezea wakati mkibishana juu yake, ndiyo maana nasema asiiguse.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa wafanyakazi katika yadi ya makontena huku Changamwe, na fomu za ajali nimezijaza mimi mwenyewe. Kwa hiyo nakuambia ninachokijua kutoka upande ule wa meza.

Sheria inayowahusu ni ile ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini, ambayo kila mtu hapa Mombasa anaiita WIBA. Inamhusu kila aliyeajiriwa kwa ujira, isipokuwa wanajeshi. Haiulizi kama mkataba uliandikwa au ni wa mdomo. Anayeripoti godauni asubuhi, akapangiwa kazi na mnyapara na akalipwa jioni, huyo ni mfanyakazi. Hilo la "kibarua hana fidia" nimelisikia maisha yangu yote ya kazi, na linaniudhi hadi leo, kwa sababu wanaolisema wanajua si kweli. Hata kama godauni halikukata bima ya wafanyakazi, deni ni la mwajiri mwenyewe, na kutokuwa na bima hiyo ni kosa lake mbele ya sheria.

Kuhusu glavu. Fidia hii haitegemei nani mwenye kosa. Kinachoweza kumnyima mtu ni utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa, kwa mfano mtu aliyetia mkono kwenye mashine huku akijua na akitaka. Kufanya kazi mikono mitupu kwa sababu magunia ni mengi na lori linasubiri si hilo. Halafu hebu muulize mumeo: glavu alipewa na nani? Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ni ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Kama ilibidi ajinunulie mwenyewe, hilo nalo aliseme.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa moyoni zaidi katika barua yako, lile la geti la nyumbani. Mnyapara hakusema vile kwa bahati mbaya. Ajali ikiandikwa ya nyumbani, hakuna wa kuijua godauni, na matibabu yanaangukia mgonjwa na SHA yake, yaani bima ya afya ya serikali. Ikiandikwa ya kazini, mwajiri anapaswa kuiripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ndani ya siku 7 tangu apate habari. Neno moja kwenye kadi ya zahanati ndilo linaloamua njia. Ndiyo maana wanyapara wengine hupenda kuingia na mgonjwa hadi kwa daktari na kumsemea.

Lakini nyinyi mlikwenda Makadara wenyewe. Huko mumeo alijieleza kwa mdomo wake? Kama daktari aliandika kwamba alibanwa na forklifti kazini, hiyo ndiyo karatasi yenu kubwa. Nendeni mkaombe nakala ya maelezo ya siku ya kulazwa na ya kuruhusiwa, pamoja na ripoti ya upasuaji. Kisha rudini zahanati ile ya kwanza. Msiende kugombana, mwambieni tu daktari kwamba maelezo yale aliyatoa mtu mwingine, mgonjwa hakuulizwa, na aandike nyongeza yenye tarehe ya leo inayosema mgonjwa mwenyewe anaeleza nini. Asifute ya zamani. Maandishi yaliyofutwafutwa hayamsaidii mtu, nyongeza iliyo wazi inamsaidia.

Mkitoka hapo mwende ofisi ya DOSHS ya hapa Mombasa, mkaripoti wenyewe. Msingoje mwajiri. Fomu ambayo mwajiri anatakiwa kujaza inaitwa WIBA 1, ina sehemu yake na sehemu ya daktari. Afisa akishapata habari ana mamlaka ya kumwandikia mwajiri na kuchunguza. Bebeni chochote kinachoonyesha mumeo alikuwa akifanya kazi pale: pasi ya getini, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha, majina na namba za makuli wawili watatu waliokuwa zamu moja naye. Wale makuli waendeeni kabla hawajatawanyika, maana mtu wa kibarua leo yuko Shimanzi na kesho yuko Miritini. Kama vibarua huletwa na wakala, andikeni jina la wakala na la mwenye godauni pia, afisa ndiye atakayepambanua nani alipe.

Madai lazima yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mna muda, lakini miezi mitano imeshakwenda. Godauni haliwezi kujitetea kwamba halikupewa taarifa, kwa sababu mnyapara mwenyewe ndiye aliyempeleka zahanati. Taarifa ya mdomo inatosha, na mwajiri aliyeijua ajali kwa njia nyingine hawezi kujifanya hakuijua.

Anadai nini? Vitu vitatu, na watu wengi hukumbuka kimoja tu.

Kwanza ile miezi mitatu. Jeraha likimweka mtu nje ya kazi siku 3 au zaidi, anastahili malipo sawa na mapato yake kwa muda asioweza kufanya kazi, hadi miezi 12. Pili gharama za matibabu: daktari, upasuaji, dawa, bendeji, na hata nauli ya kwenda na kurudi hospitali. Risiti za Makadara ziwekeni pamoja. Makanga wa matatu hatoi risiti, kwa hiyo chukueni daftari la mtoto la shule, mwandike tarehe ya kila kliniki na nauli ya Mikindani hadi mjini. Nimeona madaftari ya namna hiyo yakikubaliwa, kwa sababu tarehe zake zinalingana na kadi ya kliniki.

Tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu, na hapa ndipo utakapoona ile elfu ishirini ni kitu gani. Daktari hupima ulemavu kwa asilimia, akifuata jedwali lililo ndani ya sheria. Asilimia hiyo hupigwa kwenye mapato ya miezi 96. Tufanye mfano: shilingi 900 kwa siku 26 ni shilingi 23,400 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 2,246,400. Daktari akiandika asilimia 10 tu, hiyo ni shilingi 224,640. Sikuahidi kwamba mumeo atapewa asilimia 10, daktari ndiye atakayesema, na mapato yatahesabiwa kwa siku alizofanya kazi kweli. Lakini weka hesabu hiyo kando ya 20,000 uitazame.

Najua kodi haingoji. Mwenye nyumba mkaonyeshe karatasi ya DOSHS mkishaipata, wengine huelewa wakiona jambo lina mhuri. Na kama godauni watasema wako tayari kuwapa kitu cha kusogeza siku, chukueni, mradi waandike kwamba ni sehemu ya malipo ya muda wa kuugua na si malipo ya kumaliza.

*Mzee, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Likoni. Kipande cha chuma kilinipiga jicho la kushoto. Daktari wa hospitali aliniandikia ulemavu wa asilimia 15. Bima ya kampuni wakanipeleka kwa daktari wao, akaandika 6. DOSHS wamenipa barua yenye hesabu ya 6, ina wiki tatu sasa. Kuna bwana alinifuata nyumbani akasema nimpe hati zangu anifungulie kesi mahakamani nipate mamilioni. Nimpe?*
Fundi, Likoni

Hati zako usimpe mtu aliyekufuata nyumbani. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba utaratibu wa WIBA ni halali: madai ya ajali ya kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa DOSHS, si mahakamani. Kesi atakayokufungulia leo jaji ataitupa nje, na siku zako za kupinga zitakuwa zimekwisha.

Siku hizo ndizo muhimu. Una siku 60 tangu uamuzi kutoka kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi, na wiki tatu zimeshaliwa. Yeye anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Mombasa. Hapo ukitaka wakili wa kweli, mwenye ofisi na kibao, ni sawa.

Pingamizi lenyewe lisiseme tu kwamba daktari wa bima amekuonea. Nenda kwa daktari bingwa wa macho akupime upya, kila jicho peke yake, aandike jicho la kushoto linaona mstari gani kwenye chati bila miwani na kwa miwani, na kama kovu liko katikati ya mboni au pembeni. Asilimia bila vipimo ni neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake. Ripoti yenye vipimo humlazimu afisa aulize ile 6 ilitoka wapi. Ambatanisha ripoti zote, za zamani na mpya, na uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

*Nashona kiwandani. Tulipata ajali Mazeras tukirudi nyumbani jioni kwa basi la kiwanda, nikavunjika mkono. Msimamizi anasema zamu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo si ajali ya kazini. Ni kweli?*
Mshonaji, Jomvu

Si kweli, mwanangu. Safari ya kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri, WIBA inaihesabu kuwa ni kazini. Ungekuwa umepanda matatu kwa nauli yako, ungeidai bima ya gari. Kwa kuwa lilikuwa basi la kiwanda, mwajiri anapaswa kuripoti kwa DOSHS kama vile umeumia ukiwa kwenye cherehani. Polisi waliofika pale Mazeras wana maelezo ya ajali, kachukue nakala yake na uhakikishe jina lako limo kwenye orodha ya majeruhi. Halimo, waambie waliingize sasa, ukiwa bado na plasta mkononi.